Moja Nukta Mbili

Duka la Pekkala lilipofungwa, betri zilifungwa nalo.
La karibu sasa liko kilomita sitini, barafu njia nzima,
na kamera ya Hilkka, dada yangu, inakula betri
kama mtoto anavyokula peremende:
nne kwa mkanda mmoja, siku nyingine nne kwa nusu mkanda,
kisha anazitupa kwenye kopo la kahawa chini ya sinki,
zinalala humo, chumvi imewatoka midomoni.

Nikanunua za kuchaji. Nane, na chaja yake.
Nikaichomeka karibu na dirisha la jikoni.
Taa yake nyekundu ikatukodolea usiku kucha
mpaka alfajiri, ambayo huku, mwezi Januari, ni neno tu,
ikageuka kijani.

"Hazitoshi," akasema. Hata hakuzigusa.
"Hizi ni moja nukta mbili. Kamera inataka moja nukta tano.
Hesabu ni hesabu, Taisto. Zidisha kwa nne,
umepungukiwa na volti nzima na ushee."
Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja
katika shule ambayo nayo imefungwa.

Sikubishana. Nilizipachika mwenyewe,
kichwa juu, kichwa chini, kichwa juu, kichwa chini,
nikafunga kifuniko kwa plasta, maana kishikizo kilivunjika
mwaka ule alipoidondosha kwenye ngazi za kanisa.
Kamera ikaamka. Katika kioo chake kidogo
alama ya betri ikapepesa: nusu.
Baada ya picha mbili: tupu.
"Unaona?"
"Naona. Bonyeza."

Tulikuwa kwenye zizi la kuhesabia kulungu wa theluji,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
pumzi zao zimetanda kama sufuria mia zimefunuliwa pamoja.
Vijana wa akina Niskala waliwanasa kwa kamba, wakakagua masikio,
kila sikio na chale zake,
kila chale na ukoo wake.
Betri za zamani zingekuwa zimeshakata roho:
baridi huzikaba koo zikiwa zimeshiba.
Hizi hazina makeke. Hazikuanza kwa kishindo.
Zilitoa kidogo, kidogo kile kile,
picha ya saba, ya kumi na tisa, ya thelathini,
na kamera ikilalamika muda wote kwamba inakufa,
na muda wote inafanya kazi.

Picha ya thelathini na sita, mota ikasita.
Hilkka akanitazama kwa furaha ya mtu aliyetabiri msiba.
Kisha ikaanza kuurudisha mkanda,
polepole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia,
anaweka mguu, anapumua, anaweka mguu,
nasi tumesimama hatusemi,
hata mbwa wa Niskala kanyamaza,
mpaka tukasikia ncha ya filamu ikichomoka:
tk.

Njiani kurudi alivua glavu moja,
akapenyeza mkono ndani ya koti, chini ya bega la kushoto,
pale walipomshonea kidude chake Septemba iliyopita.
Ukikigusa ni kama kokoto bapa.
"Yangu ni miaka kumi," akasema. "Labda kumi na miwili."
"Halafu?"
"Halafu wanakupasua, wanakuwekea nyingine.
Haichajiwi."
Misonobari ikapita, na misonobari, na misonobari.
"Ina volti ngapi?"
"Sikuuliza," akasema mwalimu wa hesabu.

Jioni nilizikuta zile nne kwenye chaja.
Alikuwa ameziandika kwa kalamu ya wino,
A nne, B nne, kwa mwandiko wa ubaoni,
ili zisichanganyike.
Zinazofanya kazi pamoja, akasema, zichoke pamoja.

Sikujibu. Nilikuwa namenya viazi.